Deni liko kwa WhatsApp? Hivi ndivyo utaandaa meseji zako zikubalike kortini Kenya

Naandika hii maneno pole pole juu watu wengi wanapoteza pesa zao hivi hivi wakiona. Mtu anafanya kazi, wameelewana na mteja kwa simu, depo imetumwa na M-Pesa, kazi imeisha, balansi hailipwi, na ukimuuliza mbona usiende korti anakujibu "aah hatukuandikiana, ilikuwa ya WhatsApp tu". Mliandikiana! Hiyo WhatsApp ndiyo maandishi, na sheria ya Kenya inaitambua miaka mingi sasa. Kesi za aina hii mara nyingi zinaangukia pengine kabisa: mtu amekuja na skrinshoti mbili zimekatwa katwa, hazionyeshi nambari, simu yenyewe ashauza, na hana ile karatasi moja ya 106B yenye nitaeleza hapa chini. Kwa hivyo hii ni ya fundi, mama wa duka, mtu wa kusapulai vitu, mwenye nyumba, mpangaji, yeyote anayefanya mambo yake kwa simu. Kama kesi yako ni kubwa tafuta wakili, lakini hata huyo wakili atakushukuru ukimfikia na vitu vikiwa vimepangwa hivi.

Kwanza sheria, kwa ufupi, ili mtu asikutishe.

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ni ya 1998, lakini Januari 2009 ilirekebishwa ikaongezwa sehemu nzima ya miamala ya kielektroniki. Kifungu cha 83G kinasema, kwa maneno yangu mimi, kwamba pale sheria yoyote inataka kitu kiwe kwa maandishi, kikiwa kwa njia ya elektroniki kinatosha, bora tu kiweze kufunguliwa na kusomwa tena baadaye. Hiyo "baadaye" ishike vizuri, ndiyo kazi yote iko hapo. Alafu 83J inasema ofa na kuikubali ofa vinaweza kufanywa kwa ujumbe wa elektroniki, na mkataba haukataliwi eti tu juu ulifanywa hivo. Kwa hivyo ukiandika "geti ya futi 10 na madirisha manne nitakufanyia 125,000" na yeye akajibu "sawa fundi anza", mna mkataba.

Marekebisho hayo hayo ya 2009 yaliingia pia kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, yakaleta vifungu vya 106A kwendelea. Mwaka 2014 kikaongezwa kifungu cha 78A, kinachosema ushahidi wa kielektroniki unakubalika na korti isiukatae kwa sababu tu hauko katika hali yake ya asili. Na Machi 2020 Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ikaingiza sahihi za kielektroniki hadi ndani ya sheria ya mikataba. Kwa hivyo mtu akikuambia "sheria yetu haijui mambo ya simu" mwambie amechelewa.

Kuna vitu hii haigusi. Wosia hauwezi kuwa wa WhatsApp, wala huwezi kufanya hundi kwa meseji. Ardhi nayo ina masharti yake, mkataba wa kuuza shamba ama ploti lazima uwe kwa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na sahihi zishuhudiwe, usije ukalipa mtu laki tano ya ploti Kitengela eti juu amekuandikia "deal done". Na kama kuna mtu amesema atalipa deni la mwingine akishindwa, yaani mdhamini, hiyo pia lazima iwe imeandikwa na kutiwa sahihi yake, usitosheke na "mimi niko nyuma yake usijali". Hapo muombe atie sahihi, na kama ni ya kielektroniki iwe ile sheria inaita ya hali ya juu: imefungwa kwake peke yake, inamtambulisha, anaidhibiti mwenyewe, na mtu akibadilisha kitu kwa hati baadaye inaonekana. Picha ya sahihi yenye umepiga na simu ukabandika kwa PDF haifiki hapo.

Sasa tuingie kazini. Tuseme wewe ni yule fundi wa mageti. Mteja ni Mama Achieng. Jumla 125,000, amekupa depo 40,000, umebakisha 85,000, geti iko kwake tangu tarehe 21 na hajibu tena.

Usifute kitu, na usibadilishe simu

Ukianza tu kunusa shida, ingia kwa hiyo chati uangalie kama kuna mpangilio wa meseji kujifuta zenyewe. WhatsApp iko na ya masaa 24, siku 7 na siku 90, na upande wowote unaweza kuiwasha. Zima. Alafu fanya bekapu siku hiyo hiyo. Ile simu yenyewe iweke, usiiuze, usimpee mtoto achezee, usiifute yote kwa "factory reset", hata kama kioo kimepasuka, juu mwamuzi anaweza kusema "lete hiyo simu tuone". Deni la mkataba lina miaka 6 ya kushtaki tangu mkataba uvunjwe, na miaka 6 kwa maisha ya simu ni umri mrefu sana, kwa hivyo bekapu isikae kwa simu moja tu.

Na usifute zile meseji zako mwenyewe zenye unaona zinakuaibisha. Kama ulichelewa wiki mbili ukaandika "nisamehe mama, vyuma vilikosekana", wacha ikae. Yeye ako na nakala yake, atatoa, na siku ile itaonekana wewe ulipunguza maneno, hata yale mazuri yako hayataaminika tena.

Muombe aandike deni, kwa upole

Hii ndiyo hatua naipenda kuliko zote na watu hawaifanyi. Badala ya kutukana, badala ya kupiga simu mara kumi (simu haiachi maneno, inaacha tu kwamba ulipiga), andika meseji moja ndefu iliyotulia yenye kila kitu:

"Habari Mama Achieng. Nakumbusha kuhusu kazi yetu tuliyokubaliana tarehe 3 Machi, geti ya futi 10 na madirisha manne, jumla 125,000. Ulinitumia depo 40,000 kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Geti na madirisha niliweka tarehe 21 Machi ukasema ziko sawa. Balansi ni 85,000. Tafadhali nithibitishie utakamilisha lini. Asante, ni mimi fundi wa geti."

Akijibu "najua fundi, nipee mpaka mwisho wa mwezi", hapo amekubali kila kitu kwa mstari mmoja: kazi, bei, depo, balansi. Na hata akinyamaza, korti itaona ulidai vizuri, tarehe iko, kiasi kiko. Kama mlikuwa mkiongea kwa simu, ukikata tu andika: "Mama, kama tulivyoongea saa hii, umesema utatuma 30,000 Ijumaa." Hivo maneno ya mdomo yanapata alama.

Kutoa mazungumzo kwa simu

Kosa la kwanza ni jina. Kwa simu yako juu ya chati imeandikwa "Mama Achieng Geti" juu wewe ndiye ulisevu hivo. Hiyo haionyeshi korti ni nani. Unaweza kusevu nambari ya kaka yako na jina la gavana. Kwa hivyo kabla ya skrinshoti ya kwanza, gusa lile jina juu, ukurasa wake ufunguke, nambari ionekane kamili, piga skrinshoti hapo. Alafu rudi kwa chati uanze mwanzo wa mambo, sio katikati. Kila skrinshoti ipitane kidogo na iliyotangulia, yaani meseji ya mwisho ya picha ya kwanza ionekane tena juu ya picha ya pili, ndio mtu asiseme umeruka kitu. Ile tarehe inayotokea katikati ya chati ionekane. Usikate picha, usichore mistari myekundu, usizungushe duara. Ukitaka kuonyesha mahali, utaandika kwa maelezo "angalia ukurasa wa 4".

Skrinshoti peke yake mimi siziamini, na mtu wa upande ule hataziamini pia, siku hizi kuna programu za kutengeneza chati feki ambazo mtoto wa shule anaweza kutumia. Kwa hivyo toa na faili. Fungua chati, bonyeza zile doti tatu, nenda kwa zaidi, kuna mahali pameandikwa "Export chat". Fanya mara mbili: moja bila picha, moja na picha na voisi. WhatsApp inatoa meseji kama 40,000 za mwisho ukitoa bila picha na kama 10,000 ukiweka picha, kwa hivyo chati ya miaka mingi inaweza kukatika huko mwanzo, angalia kama tarehe unayotaka iko. Utapata faili ya maandishi, kila mstari una tarehe, saa na jina la aliyeandika. Jitumie kwa imeili yako siku hiyo hiyo, na hiyo imeili usiiguse tena. Tangu 2025 kuna mpangilio wa faragha ambao mmoja wenu akiuwasha chati haitoki kwa njia hii. Ukikuta hivo, rekodi vidio ya kioo ukipitia chati pole pole toka juu hadi chini, na simu uihifadhi zaidi.

Picha za kazi, ile ya geti ikiwa imesimama kwake, usitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida unapompelekea wakili ama mtu wa saiba. WhatsApp inabana picha na kuondoa maelezo yake ya ndani, ya tarehe na simu iliyopiga. Tuma kama dokumenti, ama kwa imeili, ama nakili kwa waya.

Kitu kingine, hiki ni cha dakika mbili lakini kina uzito: faili ikifika kwa kompyuta, itolee alama yake ya vidole. Kwa Windows fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika certutil -hashfile kisha jina la faili kisha SHA256. Itakupa herufi na tarakimu 64. Nakili hizo 64 kwa karatasi yako na tarehe. Mtu akibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, hizo 64 zinatoka tofauti kabisa, kwa hivyo baada ya mwaka mmoja ukiitoa tena na zikawa zile zile, hakuna mtu ataweza kusema uliipika baada ya tarehe hiyo.

M-Pesa ndiyo inaunganisha nambari na mtu

Chati inaonyesha maneno. Haionyeshi kwamba hiyo laini ni ya Mama Achieng kweli. Atakuja aseme "hiyo laini si yangu, mimi simjui huyu". Hapa ndipo M-Pesa inakuokoa. Usitegemee ile meseji ya "Confirmed" peke yake, toa stetimenti kamili, kupitia programu ya M-Pesa ama *334#, inakuja PDF kwa imeili yako ikiwa imefungwa kwa nambari ya siri. Tafuta mstari wa siku ile ya depo: ile "code" ya muamala, tarehe, saa, kiasi, jina la aliyetuma. Alafu weka huo mstari kando ya chati: tarehe 3 Machi saa kumi na dakika tano jioni anaandika "nimetuma angalia", na stetimenti inaonyesha 40,000 imeingia saa kumi na dakika nne kutoka kwa jina lake. Hapo hakuna mtu mzima atasema hiyo laini ni ya mtu mwingine. PDF ihifadhi venye ilikuja, usiigeuze kuwa picha, na ile imeili iliyoileta pia iache.

Ukiwa na njia nyingine ya kuunganisha, weka pia: sauti yake kwa voisi, picha ya nyumba yake yenye alikutumia mwenyewe upime geti, lokeshen yenye alituma.

Voisi noti zinataka kazi ya ziada. Faili ya sauti yenyewe iende kwa flashi, na uandike kwa karatasi neno kwa neno kilichosemwa, dakika na sekunde pembeni. Kama ameongea Kijaluo ama Kikamba ama Sheng nzito, andika kama alivyosema, chini yake uweke tafsiri kwa Kiswahili ama Kiingereza. Korti za chini zinatumia lugha hizo mbili, Mahakama Kuu ni Kiingereza, na mwamuzi hawezi kukisia "ntakusort" maana yake ni nini kama hujamwelezea.

Imeili ni rahisi zaidi lakini watu wanaiharibu kwa kufowadi. Ukifowadi, yale maelezo ya safari ya imeili, imetoka seva gani saa ngapi, yanapotea. Kwa Gmail fungua imeili, doti tatu, "Show original", alafu uidaunlodi kama faili. Hiyo ndiyo ya kuhifadhi. Ya kuchapisha chapisha kawaida.

Ile karatasi: sitifiketi ya 106B

Sasa sikiza hapa kwa makini. Kifungu cha 106B kinasema kilichotolewa kwa kompyuta, kikachapishwa ama kuwekwa kwa CD ama flashi, kitachukuliwa kama hati na kukubalika bila kuleta ile ya asili, masharti yakitimizwa. Masharti yenyewe ni manne: kompyuta hiyo ilikuwa ikitumika mara kwa mara kwa shughuli hizo, habari za aina hiyo zilikuwa zikiingia humo kwa kawaida ya kazi, ilikuwa ikifanya kazi sawasawa wakati huo, na kilichochapishwa kinatoka kwa kile kilichoingia. Simu yako hapa ni kompyuta. Na 106B(4) inataka haya yasemwe kwa sitifiketi iliyotiwa sahihi na mtu mwenye dhamana ya hicho chombo.

Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa, kwa kesi ya Bunge la Kaunti ya Kisumu, ilisema hilo ni sharti la lazima na limewekwa kwa sababu nzuri, juu sote tunajua rekodi za elektroniki zinaweza kuchezewa. Kuna watu wanasoma 78A wanasema sitifiketi haina haja tena. Mimi siwezi kukushauri hivo hata kidogo. Ni ukurasa mmoja, unaandikwa nusu saa, haulipiwi chochote, na bila huo upande ule utasimama tu useme "haina sitifiketi" na 85,000 yako iko hatarini kwa jambo ambalo halihusu kama unadai ama hudai. Inauma sana kuona mtu mwenye haki yake akirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya karatasi.

Hii hapa, badilisha uweke mambo yako:

CHETI CHINI YA KIFUNGU CHA 106B(4), SHERIA YA USHAHIDI, SURA YA 80

Mimi ................, mwenye kitambulisho nambari ................, nathibitisha hivi, kwa kadiri ya ninavyojua na kuamini:

1. Mimi ndiye mwenye simu aina ya Samsung Galaxy A14, IMEI ................, yenye laini nambari ................. Nimekuwa nikiitumia kila siku katika kazi yangu ya kuchomelea mageti tangu ................ hadi leo.

2. Mazungumzo, picha na sauti zilizoambatanishwa, zenye alama F1 hadi F5, zilitumwa na kupokelewa kwa simu hiyo kati ya tarehe ................ na tarehe ................, kati yangu na nambari ................ inayotumiwa na mdaiwa, katika shughuli za kawaida za biashara yangu.

3. Tarehe ................ nilipiga skrinshoti za mazungumzo hayo na kuyatoa kama faili kutoka kwa WhatsApp, nikajitumia kwa imeili yangu, nikayafungua kwenye kompyuta aina ya ................ na kuyachapisha kwa printa aina ya .................

4. Kwa kipindi chote hicho simu, kompyuta na printa zilikuwa zikifanya kazi vizuri, na hakukuwa na hitilafu yoyote iliyogusa usahihi wa yaliyomo.

5. Yaliyochapishwa ni sawa na yaliyomo kwenye simu. Sijaongeza, sijapunguza wala sijabadilisha chochote. Alama ya SHA256 ya faili ni .................

Sahihi ................ Tarehe ................

Zile F1 hadi F5 ni alama unazoandika wewe mwenyewe juu ya kila kitu unachoambatanisha. IMEI ni nambari ya kutambulisha simu yenyewe, unaipata kwa kubonyeza *#06#. Kama unachapishia saiba, kaa hapo hapo, andika aina ya kompyuta na printa kabla hujaondoka, na ni vizuri mwenyewe uingie kwa imeili yako ufungue faili, sio kumpea kijana wa saiba simu akusaidie, ndio uweze kusema kwa kweli ni wewe ulitoa. Akichapisha yeye, naye aandike cheti chake kifupi cha hiyo sehemu yake. Na usiandike kitu ambacho sio. Kama simu ilianguka ikazima siku tatu, sema ilizima siku tatu na kwamba haikugusa meseji, sheria yenyewe inakubali hivo.

Usivunje sheria ukitafuta ushahidi

Chati yako wewe na mteja ni yako, uko ndani yake. Lakini kuingia kwa simu ya mtu, ama imeili yake kwa neno siri ulilomchungulia, ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018, na Katiba kifungu cha 50(4) kinaagiza ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utupwe nje ikiwa utaharibu haki ya kesi. Nasema hii sana kwa watu wa kesi za ndoa lakini hata za biashara. Na ukitoa chati ya grupu, ya chama kwa mfano, usimwage maneno ya watu thelathini kwa faili ya korti, toa yale yanayohusu, useme wazi ni sehemu ya grupu, na ile nzima iwe tayari mwamuzi akiitaka.

Kuipeleka

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 nenda Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa na sheria ya 2016, unaweza kujisimamia bila wakili, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na haifungwi sana na kanuni kali za ushahidi kama korti zingine. Hiyo ya mwisho isikudanganye ukaacha sitifiketi nyumbani: ukishinda hapo, upande ule unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu kwa hoja za sheria, na huko faili yako itasomwa na jicho lingine.

Panga karatasi kwa mpangilio wa mwamuzi ambaye hajui lolote kuhusu geti. Mbele kabisa weka ukurasa mmoja wa hadithi kwa tarehe: 3 Machi makubaliano, angalia F1 ukurasa wa 1, 3 Machi depo, F2, 21 Machi geti imewekwa, picha F3, 2 Aprili amekubali balansi, F1 ukurasa wa 9. Nyuma yake cheti, kisha chati, kisha stetimenti, kisha picha. Nambari za kurasa ziandikwe zote kwa mfululizo. Flashi iwe kwa bahasha imeandikwa jina la kesi. Simu nenda nayo siku ya kesi ikiwa na chaji, na hiyo chati uwe umeitafuta tayari, mwamuzi asikungoje ukiskroli.

Na mambo ya kumfikishia Mama Achieng samansi, juu hapo ndipo wengi wanakwama, eti amehama, hafungui mlango. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai zilirekebishwa 2020, Agizo la 5 likaongezwa kanuni ya 22B ya imeili na 22C ya programu za meseji kama WhatsApp. Samansi inaweza kutumwa kwa nambari yake ya mwisho inayojulikana na anayoitumia. Ile "anayoitumia" ndiyo utaonyesha: chati ya mwezi uliopita akijibu kwa nambari hiyo hiyo. Anayetuma awe ni mtu aliyeruhusiwa kufikisha samansi, na akishatuma asubiri zile tiki mbili za kufika, azipige skrinshoti na tarehe na saa zionekane, aziambatanishe kwa hati ya kiapo ya kufikisha samansi. Tiki moja bado haijafika, usikimbilie kuapa. Hizo tiki nazo ni rekodi ya elektroniki, kwa hivyo ziwekewe cheti chake cha 106B, cha simu iliyotuma, sio cha simu yako wewe.